Bibi Harusi wa Dirishani

Napiga video za harusi. Shule niliiacha mapema, kamera haikuniuliza cheti. Dirishani pa duka langu nina runinga iliyokuwa ikionyesha harusi moja tu, kutwa nzima. Watu hawakusimama kumtazama bibi harusi. Walisimama kumtazama shangazi yake, anavyocheza.

Bibi harusi mwenyewe akaingia dukani. Mwanamume wa kwenye video walishaachana.

"Kaka, nitoe dirishani."

"Video nimepiga mimi."

"Na uso nimezaliwa nao mimi. Sura ya mtu ni taarifa yake binafsi, sheria imeshatoka. Uliniomba ridhaa?"

"Ulikuwa unaichekea kamera."

"Nilikuwa naolewa! Nilikuwa namchekea kila mtu."

Nikamuuliza haraka ya nini. Akasema kaposwa tena. Mchumba anajua yote, ila mama wa mchumba hajui kitu, na mama huyo kapita na gari, kaiona runinga yangu kwa mbali, sasa anataka mpiga video wa harusi yao awe mimi na si mwingine. Akijua kabla ya ndoa, huenda akaivunja.

Sheria ni sheria. Nikampigia mume wa zamani, kwa sababu naye yumo. Akasema, "Mimi niache humo humo. Suti ile sinayo tena."

Akabaki shangazi. Yule binti akamleta mwenyewe, amshawishi.

"Shangazi, kubali na wewe ufichwe. Posa ulipokea wewe, yule mama anakujua."

"Nifichwe nimeiba?"

"Shangazi, tafadhali!"

"Mwanangu, talaka ni yako. Kiuno ni changu." Akanigeukia. "Baba, sheria inasemaje?"

"Kila mtu na ridhaa yake."

"Umesikia?"

Basi nikamfunika binti peke yake, kuanzia shela mpaka viatu, kwa ukungu wa kompyuta. Bwana harusi akawa anauvisha ukungu pete. Akaulisha keki. Pembeni shangazi anazungusha kiuno, anaufuta ukungu jasho. Watu walioacha kusimama wakaanza kusimama tena. Mmoja akaingia kuniuliza kama bibi harusi amefariki.

"Hapana. Amejiondoa."

"Kwenye ndoa?"

"Kwenye picha."

"Na kwenye ndoa?"

Hilo sikumjibu. Nalo ni taarifa binafsi.

Siku ya kuagiza kazi wakaja watatu: mama, mwanawe, na binti. Binti akachagua kiti kinachoipa runinga kisogo. Mama akabaki amesimama, mkoba kwapani, akitazama. Hakuharakisha.

"Huyu si shangazi yako?"

"Ndiye, mama."

"Anacheza vizuri. Na huyu anayechezewa, huyu mwenye moshi?"

Mchumba alikuwa anakagua miguu ya kamera zangu kana kwamba anataka kuzinunua. Mimi nilijua, lakini si langu kusema.

Binti akageuza kiti.

"Ni mimi, mama. Niliolewa, tukaachana."

Mama akamtazama mwanawe. "Ulijua?"

"Nilijua."

"Kumbe mgeni hapa ni mimi."

Akakaa. Video ikaisha, ikaanza upya. Aliitazama tangu mwanzo, sote tukamsubiri kama tunasubiri majibu ya hospitali. Kisha akaniambia:

"Fundi, mwondolee huo moshi. Nataka nimwone alivyokuwa siku hiyo."

"Siwezi, mama. Ridhaa ni yake."

"Hata mimi mkwewe?"

"Sheria haina mkwe."

Akamgeukia binti. "Haya, mwambie anitolee."

Binti akatazama runinga. Mume wa zamani alikuwa kainua kipande cha keki, anatafuta mdomo wa ukungu ulipo. Ingekuwa rahisi kusema ndiyo. Ningebonyeza mara moja, mama angeona, tungeandikiana kazi.

"Hapana, mama," akasema. "Siku hiyo ni yangu."

Nikajua mteja kanipotea. Mchumba akaziachia kamera. Mama akauweka mkoba mapajani, akaushika kwa mikono miwili.

"Mwongo angenionyesha ili anipendeze," akamwambia mwanawe. Kisha akanitazama mimi. "Na ya kwetu? Unaiweka dirishani?"

"Nitawauliza kwanza."

"Utaniuliza mimi?"

"Wewe, yeye, bwana harusi. Kila atakayeonekana."

"Basi mimi nitakataa," akasema. "Andika tarehe."