Swali Lisilopanda Ubaoni

Wanasema kuuliza si ujinga. Waliosema hivyo hawakuwahi kuishi nyumba moja na binti wa kinyozi. Mtoto yule aliamka na swali kabla hajanawa uso. Kwa nini mjusi anatembea darini asianguke? Kwa nini nywele zikikatwa haziumi, ila ziking'olewa unapiga kelele? Kwa nini kitunguu kinamliza anayekikata, nacho chenyewe hakilii? Wateja wa baba yake wakambandika jina la Kwanini, na jina likaganda mpaka mama yake mzazi akawa analitumia.

Kinyozi hakuona aibu. Alijivuna. Ukutani, kando ya kioo kikubwa, alitundika ubao mdogo, na kila asubuhi aliandika kwa chaki swali la binti yake. Watu walikuja kunyoa wakabaki kubishana. Swali la kioo, mbona kinageuza kulia kuwa kushoto lakini hakigeuzi juu kuwa chini, nusura livunje urafiki wa watu wazima na ndevu zao. Jioni kinyozi alirudi nyumbani na majibu yote, ya maana na ya kipuuzi, akayamwaga mbele ya bintiye, na wawili hao wakayachambua hadi wakati wa kulala.

Basi jioni moja Kwanini alirudi na kazi ya shule. Mwalimu wa sayansi alikuwa amewaambia wachunguze nani nyumbani anaweza kuukunja ulimi, kingo zote mbili zipande juu, ulimi uwe kama mrija.

"Nitazameni mimi," akasema, akautoa wake. Ukakunjika bila shida.

Mama yake, aliyekuwa akishona sare za shule za watoto wa watu, akajaribu. Ulimi ukatoka bapa vilevile ulivyokuwa. Baba akasogea kwenye kioo cha ukutani, akajaribu, akausukuma hata kwa vidole. Wapi! Wakacheka wote watatu.

"Mwalimu kasema ni kitu cha kurithi," Kwanini akasema. "Kama baba hawezi na mama hawezi, mtoto naye hawezi. Sasa mimi nimeutoa wapi?"

"Tulikuokota sokoni," mama akamjibu, mguu wake ukiendelea kukanyaga cherehani. "Ulikuwa umelala kwenye fungu la nyanya."

Wakacheka tena. Kinyozi naye alicheka, ila kicheko chake kiliisha kabla ya vya wenzake.

Tusimwonee, hakuwa mtu mbaya. Lakini mwaka ule kabla Kwanini hajazaliwa, yeye alikuwa na kazi katika mji mwingine, akirudi nyumbani mwisho wa mwezi tu. Jambo hilo lilikuwa limelala miaka yote hiyo bila kumsumbua mtu. Usiku huo yeye ndiye aliyekosa pa kuegemeza ubavu.

Asubuhi Kwanini akamwambia, "Baba, leo andika la ulimi."

"Ubao umejaa, mwanangu," akamjibu, na kwenye ubao hakukuwa na kitu ila lile swali la kioo.

Kuanzia hapo kinyozi hakutulia. Alikunja shuka la kunyolea akalikunjua, alifagia nywele mahali palipokwisha kufagiliwa. Kila aliyekaa kitini aliambiwa atoe ulimi.

"Bwana, nimekuja kunyoa au kutibiwa?" mteja mmoja akamuuliza, mwanawe mdogo akiwa amesimama pembeni.

"Toa tu. Ukunje hivi."

Yule bwana akakunja. Mwanawe akakunja. Kinyozi akawatazama kwenye kioo, baba na mwana wenye ndimi kama mirija, akaukumbuka wake uliogoma. Kwa fikra hizo akampunguza yule bwana upande wa kushoto kupita kiasi, akapunguza wa kulia ili ulingane, ukapitiliza, akarudi kushoto. Maskini aliingia na nywele akatoka na masikio. Na kinyozi alisahau kumshikia kioo cha mkono aone kisogo chake, jambo ambalo hakuwahi kumfanyia mteja yeyote.

Duka likiwa tupu, alijitazama mwenyewe. Pua ile ni ya Kwanini? Masikio je? Kinyozi hajinyoi, na siku hizo aligundua kwamba hata kujitazama hajui. Kadiri alivyokazia macho, ndivyo uso ulivyozidi kuwa wa mtu mwingine. "Wasiwasi ndiyo akili," alijiambia. Akili gani hiyo, inayomfanya mtu mzima ahesabu miezi kwa vidole huku mteja ana povu kidevuni?

Mwishowe likamtoka, na likamtoka vibaya. Mkewe alikuwa akipindua ukosi wa shati, naye akiranda kutoka dirishani hadi mlangoni.

"Hivi ule mwaka niliokuwa mbali," akasema, "nani alikuwa anakusaidia saidia hapa? Kama vile taa ikiharibika, au bomba."

Mkewe akainua macho. "Taa?"

"Nimeuliza tu."

"Hukuuliza. Mwanao akiuliza, anauliza. Wewe unachimba." Akaweka shati chini. "Ni ule ulimi, sio? Tangu siku ile hukai, huli, unamtazama mtoto kama bidhaa unayoitilia shaka. Haya, uliza lenyewe. Niko hapa."

Kinyozi akatafuta maneno, akakuta kitana mfukoni, akakishika.

"Siku ukipata ujasiri wa kuuliza lenyewe, nitakujibu," mkewe akasema. "Mpaka siku hiyo usinizunguke." Akarudi kwenye cherehani, akaikanyaga kwa nguvu hata uzi ukakatika.

Pazia la chumba cha mtoto likatikisika, wala hakukuwa na upepo.

Kesho yake Kwanini alikunywa chai kimya. Baba yake, akivaa viatu, akamsubiri aulize.

"Haya, mama. Swali la leo?"

"Sina."

"Huna? Wewe?"

"Yameisha."

Kinyozi akajaribu kutabasamu. "Na lile la shule, mwalimu ulimwambia nini?"

"Nilimwambia siwezi. Hata mimi siwezi kukunja."

"Mbona unaweza! Tulikuona."

"Siwezi, Baba. Siku ile nilikuwa natania." Akaibana midomo, akavaa mkoba wake, akaondoka bila kugeuka.

Ilimuuma. Ilimuuma kuliko ile shaka yenyewe, na bado shaka haikutoka. Hapo ndipo alipojichukia, maana alimpenda yule mtoto kuliko pumzi yake na alijua kwamba jioni, akimwona, atamtazama tena masikio.

Jumamosi wakaja mapacha. Hawa walikuwa wapakuzi wa mizigo kwenye bohari la jirani, na walinyoa siku moja, zamu kwa zamu. Sura moja, sauti moja, hata kikohozi kimoja. Mchumba wa mmoja aliwahi kumnunia mwenziwe siku nzima kwa kosa lisilo lake. Kinyozi peke yake hakuwachanganya kamwe, kwa kuwa utosini nywele za mmoja zinazungukia kulia na za mwenzake zinazungukia kushoto. Kwa hiyo aliwaita hivyo hivyo, Wa Kulia na Wa Kushoto, nao wakazoea.

"Bwana kinyozi, vipi?" Wa Kulia akasema kutoka kwenye benchi. "Swali la kioo tumelitafuna mpaka mifupa. Binti kagoma?"

"Anaumwa?" Wa Kushoto akauliza. Alikuwa kitini, nusu ya kichwa imeshanyolewa.

"Mzima. Toeni ndimi," kinyozi akasema, kwa mazoea tu, kama mtu anayejikuna. "Zikunjeni ziwe kama mrija."

Wa Kulia akakunja wake barabara. Kwenye kioo, ulimi wa Wa Kushoto ukatoka bapa.

"Kunja basi."

"Hawezi huyo!" nduguye akacheka. "Tangu tuko watoto namcheka. Ndicho kitu pekee ninachomshinda."

"Na uongo," Wa Kushoto akasema.

Kinyozi hakucheka. Mashine ilikuwa ikinguruma hewani, mbali na kichwa. Akamwambia Wa Kulia akunje tena, akamwambia Wa Kushoto ajitahidi, akamshika hata kidevu. Bapa. Akakumbuka swali jingine la ubaoni, la zamani, kwa nini mapacha wengine wanafanana kama hawa, na jibu walilolipata yeye na bintiye: ni yai moja lililogawanyika. Walichorithi ni kilekile. Kama kukunja ulimi ni urithi mtupu, mbona mmoja anao na mwenzake hana? Basi alichosema mwalimu hakikuwa kizima. Ulimi hauwezi kumshtaki mtu. Na zile nywele je? Miaka yote hiyo alizipapasa kwa vidole vyake, akajua kwamba wanaofanana hawafanani kwa kila kitu, na hakupata hata siku moja kuliuliza jambo hilo.

"Nisubirini!" akasema.

"Nikusubiri na kichwa hiki?" Wa Kushoto akapiga kelele, lakini kinyozi alikwishatoka, kitana mkononi, nywele za watu zimemjaa kifuani.

Alimkuta mkewe kwenye cherehani na Kwanini sakafuni akitenganisha vifungo, vikubwa huku, vidogo kule. Akaeleza akihema, akaruka mwanzo, akarudi. Mapacha. Yai moja. Mmoja anakunja, mwingine hawezi. Nywele zinazunguka huku na huku. Mkewe hakuinua kichwa. Cherehani iliendelea kulia. Ila mtoto aliacha vifungo.

"Zinazungukia kushoto? Kweli?"

"Haki ya Mungu. Nenda ukamwone, yuko pale na nusu kichwa."

"Lakini kama si kurithi, ni nini? Ni mazoezi? Au ni vyote viwili?"

"Sijui! Sijui, mwanangu, ndiyo raha yake." Akamwinamia. "Nionyeshe. Nionyeshe ulimi wako."

Kwanini akamtazama mama yake kwanza. Kisha akautoa polepole, ukakunjika. Kinyozi akaketi sakafuni palepale, juu ya vifungo, akacheka huku machozi yakimtoka, akatoa kipande cha chaki mfukoni.

"Shika. Leo utaandika mwenyewe."

Mtoto akaipokea chaki, akakimbia hadi mlangoni. Hapo akasimama. Ile mikunjo midogo ya kufikiri, ambayo baba yake hakuiona tangu juzi, ikarudi katikati ya nyusi zake.

"Baba."

"Naam, mama."

"Na kama mapacha wangekwenda kwa kinyozi mwingine?"

Kinyozi akafungua mdomo. Nyuma yake cherehani ikanyamaza. Mkewe alikuwa ameondoa mguu kwenye kanyagio, amegeuka kitini, anasubiri jibu.