Miche ya Kupashwa

"Shemeji, itupe hiyo trei kabla wageni hawajafika. Inanuka," alisema mkuu wa mauzo, kaziba pua kwa tai.

"Haitupwi," alijibu Mama Pacha, msimamizi wa maabara. "Niambie kwanza kwa nini yangu imeoza na yako imesimama, na mbegu ni ileile."

Trei mbili za miche zilikuwa zimetoka katika kabati la joto. Ya shemeji yake, huyo mkuu wa mauzo, ilikuwa kijani kibichi. Ya Mama Pacha ilikuwa kamasi tupu, majani yamenata pembeni, yanatoa harufu ya kabichi iliyosahauliwa sufuriani.

"Yako uliipasha jana, joto la wastani," Mama Pacha alijijibu mwenyewe.

"Kupasha si dhambi. Hata mchezaji hupasha misuli."

Kila protini ya mmea imekunjwa kwa umbo lake. Joto kali la ghafla huzikunjua, zikagandamana kama ute wa yai kikaangoni, na seli ikafa. Mmea ukionjeshwa joto dogo kwanza, huunda protini za ulinzi, zinazowahi kuzishika zile nyingine na kuzikunja upya. Kinga hiyo haikai siku nyingi. Na mbegu yoyote ya dukani ingefanya vivyo hivyo. Hii ilikuwa inauzwa kama muujiza usioungua kwa jua.

"Mkulima naye atapasha shamba kwa kiberiti?"

"Akishanunua, jua ni la Mungu."

"Na mama yako? Ametenga shamba lote kwa mbegu hii. Ikiungua atakula nini?"

Shemeji alitoa kijiti cha meno mdomoni, akakikagua. "Mama usimhofie. Nimemtilia mbegu yake ya zamani ndani ya mfuko mpya."

Kumbe alijua. Mama Pacha alikitazama kile kijiti. Vidole hivyo vyenye kijiti ndivyo vilivyowalisha wanawe pacha Jumapili.

Sauti za wanunuzi zikasikika kwenye ngazi.

"Lete nikaimwage mimi," shemeji alinyoosha mkono.

"Utachafua suti yako ya bwana harusi."

Mama Pacha aliinyanyua trei yake, maji ya uozo yakimchuruzika hadi kiwikoni, akaitua kwenye kitambaa cheupe cha meza, ubavuni mwa ile ya kijani. Kisha akafungua mlango.

"Karibuni. Mbegu ni moja, trei mbili. Hii haikupashwa. Nuseni kwanza, halafu mwulizeni shemeji yangu."