Nyuzi Mbili kwa Mtoto wa Dada

Mtoto wa kwanza wa dada yangu aliishi siku kumi na mbili. Alizaliwa mzima, akanyonya vizuri, kisha macho yakaanza kuwa manjano na kila alichonyonya akakitapika. Tulipomfikisha hospitali, ini lilikuwa limeshachoka. Mama mkwe wa dada, aliyepiga taipu maofisini miaka thelathini na ulimi wake ukawa mwepesi kama vidole vyake, alisema palepale msibani: "Maziwa ya mama yake ndiyo yaliyomkataa." Dada alilimeza neno hilo, lakini halikushuka.

Daktari wa watoto alikuwa amehifadhi tone la damu ya marehemu kwenye karatasi. Lilipokwisha kupimwa, akatuita. Mtoto alirithi kosa kwa baba na kwa mama, wote wawili wazima wasiojua lolote. Kosa la herufi moja kwenye vinasaba: palipotakiwa A pakakaa G. Kwa sababu hiyo mwili wake haukuweza kuivunja sukari ya maziwa. Maziwa yoyote, ya mama au ya ng'ombe.

Wakati huo dada alikuwa na mimba nyingine, ya miezi saba.

"Huyu tusimsubiri augue," daktari alisema. "Nataka kujua siku ya kwanza. Nahitaji nyuzi mbili fupi za DNA, zitengenezwe mahsusi kwa kosa hili: mmoja ushike penye herufi sahihi, mwingine penye kosa." Akanigeukia. "Si ndiyo kazi yako?"

Ndiyo kazi yangu. Kwenye maabara yetu maagizo huingia kwa herufi nne, A, C, G na T, zimepangwa anavyotaka mteja, nasi tunaziunganisha kuwa uzi. Baada ya miaka sita nilikuwa nimezoea, naona kama kuoka mikate. Lakini agizo lile lilipoingia, herufi ishirini na nyingine ishirini, zinazofanana zote isipokuwa ya mwisho, sikuona mikate tena.

Mama mkwe wa dada akasema lazima aje aone. "Herufi nazijua. Sitaki kusimuliwa."

Mkuu wangu alikubali, mradi avae koti na miwani na asiguse kitu. Akaja, akasimama mbele ya mashine yenye chupa zimejipanga kifuani.

"Inaanzia wapi?"

"Mwishoni, mama. Inajenga kwa kurudi nyuma. Ile herufi inayotofautiana ndiyo inayotangulia."

"Kinyumenyume!" Akacheka. "Kwetu karani wa namna hiyo angefukuzwa kabla ya chai."

Nikamweleza kwamba kila herufi huja na kifuniko kichwani, zisije zikaingia mbili kwa pupa. Asidi inapokivua kifuniko, maji yanayotoka huwa ya rangi ya chungwa. Rangi hiyo ndiyo ushahidi kwamba herufi imekaa. Nikabonyeza. Baada ya muda mrija mwembamba ukang'aa rangi ya chungwa, ukawa mweupe tena. Kisha tena. Mama mkwe akaanza kuhesabu kwa vidole.

Alipofika saba aliuliza, "Kwa hiyo humo ndani kuna uzi mmoja unaokua?"

"Hapana, mama. Mamilioni ya mamilioni. Zote zinapata herufi ileile kwa pigo moja."

Akashusha mkono. "Mungu wangu," akasema taratibu. "Sisi kwa karatasi za kaboni tulitoa nakala tano, na ya tano haisomeki."

Alisimama saa mbili nzima, kiti nilichomletea hakukitazama. Nami, niliyeiona rangi ile mara maelfu, nilijikuta nimesimama naye, kama ndiyo kwanza naiona.

Siku ya pili nilimwonyesha kilichopatikana: vichupa viwili vidogo kuliko kidole, na chini ya kila kimoja utando mweupe kama chumvi iliyokaukia. Akainua kimoja kwenye mwanga. Machozi yakamtoka.

"Herufi moja," alisema. "Nami nikamtwika mwenzangu lawama."

Alitoka hapo moja kwa moja hadi kwa dada. Dada ananiambia hakuzunguka: "Mwanangu, nilichosema msibani hakikuwa kweli. Nisamehe." Dada akaufungua mlango wote, akamkaribisha ndani.

Mtoto alizaliwa Jumanne asubuhi, wa kike. Tone la damu likatolewa kisiginoni, na wakati tukisubiri akapewa maziwa ya soya. Alasiri nilisimama nyuma ya daktari majibu yakijichora kwenye skrini. Uzi wenye herufi sahihi haukupata wa kushikana naye. Wenye kosa ulishika mara moja.

Analo kosa. Kwa baba na kwa mama.

"Atakufa?" dada aliuliza.

"Atakunywa soya," daktari alisema, "na atakunyima usingizi kama watoto wa wenzako."

Sasa ana miaka miwili. Maneno yamechelewa kidogo na daktari anamfuatilia, lakini anakimbia, na bibi yake anasoma maandishi ya kila pakiti kabla haijavuka mlango. Kutoka kwenye ule utando wameshapimwa watoto wengine kumi na mmoja, na bado umebaki.

Siku hizi agizo likiingia, nalisoma herufi moja moja kabla ya kubonyeza. Mara nyingi sijui ni la nani.