Kle ya Sindano

Tulipotoka kwenye duka la tatu bila kitu, Mujinga alitaka tupande taksi-moto, pikipiki ya abiria, turudi nyumbani. Miguu yangu ilikuwa upande wake. Lakini nikasema tujaribu kwa Darlène, muuza vipuri nyuma ya soko la Manika, na tukikosa, basi tumekosa.

Tulikuwa tunatafuta kle ya kupima, ile spana inayokaza ekru, nati za gurudumu, na kukuonyesha umefika wapi, kusudi usizidishe wala usipunguze. Mi sikujua kama kuna chombo cha namna hiyo. Nilisoma mpaka darasa la tano kwa masista, nikaolewa, na kukaza ekru kulikuwa kazi ya bwana yangu, Badibanga.

Sisi tunakodisha viti. Mtu akifiwa, hapa Kolwezi ao kule Fungurume, anamwita Mujinga, binti yetu. Mujinga anapakia viti mia na hamsini kwenye remorke, trela ya magurudumu mawili, anaifunga nyuma ya pikapu yake, anakwenda. Na kila safari, kabla remorke haijatoka lupangoni, uani kwetu, baba yake anaamka, anachukua kle ya magurudumu, anaichomekea bomba refu la chuma, anapanda juu yake kwa uzito wake wote mpaka chuma kinalia. Ekru tano huku, ekru tano kule. Kila safari anaongeza, miaka kumi na nne sasa. Si mtu wa kumwombea mtoto kwa maneno marefu. Sala yake ni ile.

Mwezi uliopita, kwenye kona kabla ya Fungurume, gurudumu la kushoto lilichomoka. Mujinga aliliona likimpita pembeni, linakwenda peke yake kama mtu aliyechelewa misa, mpaka likalala kwenye majani. Remorke ikaburuta chini, viti vikamwagika barabarani. Nyuma yake kulikuwa na kamyo, lori lililobeba shaba. Dereva alifunga breki, ikasimama karibu kabisa. Hakuna aliyeumia. Wenye kilio walikaa kwenye mikeka.

Tangu siku ile Badibanga alikuwa anasema neno moja tu: mikono yangu imekufa, sikukaza muzuri. Chakula alikuwa anakisukuma. Fundi aliweka bulon mpya, zile bolti za kushika gurudumu, pande zote mbili, akamwambia Mujinga anunue kle ya kupima, akaze mpaka namba mia moja na kumi, kisha akakimbilia kazi nyingine. Na sasa kesho asubuhi kulikuwa na kilio kingine Fungurume, na siku hiyo nilikuwa nimemkuta mzee nyuma ya choo anatafuta bomba refu kuliko lile la kwanza. Mujinga alimwona pia. Aliniambia tukiwa njiani, bila kelele: "Mama, akipanda tena pa ile bomba, mi siendi. Na nisipoenda, batatafuta mwingine wa viti."

Darlène alikuwa amekaa kati ya mikanda na filta, anakula karanga.

"Kambo, karibu," akaniita, kama unavyomwita nyanya. "Umekuya kununua kamyo?"

"Nitaiweka wapi? Lupango yangu iko kidogo."

"Utailaza kwa jirani."

Mujinga akamweleza. Akatoa kwenye mfuko bulon iliyovunjika, kusudi Darlène aone ukubwa. Darlène aliipokea, akaigeuza kwenye mwanga, akaacha kutafuna.

"Nani alikazaka hii?"

"Papa."

"Akichomeka na bomba?"

"Na bomba."

"Angalia hapa pa shingo, vile imekuwa nyembamba. Hii haikulegea, mama. Hii imevutwa. Chuma inavutikaka kama mpira, siku moja inakatika. Papa yenu iko na nguvu mingi."

Mi na Mujinga tuliangaliana. Nilitafuta kitu cha kukalia, nikakalia kopo la mafuta. Mwezi mzima nilikuwa nakaa karibu na mtu anayelia juu ya udhaifu wake, na haukuwa udhaifu.

Darlène akaweka mezani kle tatu. Ya kwanza ilikuwa ndefu kama mpini wa jembe. "Hii ni ya makamyo. Inaanzia mia mbili. Kwenu ni kupima chumvi na mizani ya gunia ya makaa." Akairudisha chini mwenyewe. Akainua ya pili, nyeusi, safi, ndani ya kisanduku.

"Hii njo ile batu bote banatakaka. Unazungusha hapa mpaka mia na kumi, unakaza, ikifika inalia tak. Unaacha. Ukimaliza, unarudisha namba chini kabisa, usiilaze ikiwa pa mia na kumi. Na kwenye bulon usitie mafuta, mafuta inadanganyaka."

Alikuwa na bulon iliyobanwa pembeni ya meza. Mujinga akajaribu. Tak. Akajaribu tena. Tak. Uso wake ukafunguka kidogo.

"Ni hii, Mama."

"Papa yako ataisikia?"

Akaiweka kle mezani. Badibanga alitoboa mawe mgodini kwa mashine miaka thelathini. Masikio yake yalibaki kule chini.

"Hata kama hasikiake," Darlène akasema, "mukono itasikia. Inagongaka kidogo."

"Vidole vyake vimekufa ganzi. Mi njo namufungaka vifungo vya shimizi."

"Basi nitakaza mi mwenyewe," Mujinga akasema. "Mama, nimechoka kuogopa."

"Najua. Na papa yako utamwambia asimame wapi, saa ile?"

Nikamwuliza Darlène juu ya ile ya tatu, iliyokuwa na vumbi. Haikuwa na kitu cha kuzungusha wala cha kulia. Ilikuwa fimbo ya chuma yenye kibao cha namba karibu na mpini, na juu ya namba sindano ndefu.

"Ile ni ya bazee," Darlène akasema. "Unakaza, unaangalia sindano. Lakini sherti uangalie kutoka juu kabisa. Ukiangalia kutoka pembeni, unasoma uongo."

"Macho yake yako muzuri. Anaonaka mwizi wa maembe kutoka barabarani."

"Namba ni kidogo, Kambo."

"Uko na verni ya kucha?"

Alikuwa nayo, nyekundu. Nikalipa ile ya sindano, nikavaa miwani, nikashika pumzi, nikachora mstari kwenye mia moja na kumi. Mstari ukatoka mnene. Mujinga akaukwangua na ukucha wake mpaka ukawa mwembamba.

Nyumbani tulimkuta Badibanga amekaa karibu na remorke. Bomba alikuwa amelipata. Mujinga alimwekea kle mikononi, akamwonyesha sindano na mstari. Mzee aliigeuza, akaipima uzito, akainama kwenye gurudumu la kushoto. Akavuta. Sindano ikatembea polepole, ikafika kwenye mstari mwekundu. Alikuwa hajaanza hata kupumua kwa nguvu.

"Bado," akasema. Na akanyoosha mkono kwa bomba.

Mujinga alirudi nyuma hatua moja. Akatoa ufunguo wa pikapu mfukoni, akanipa.

Nikaenda upande wa sikio la kuume, lile lililobaki na kidogo. Sisi wawili tumezoea vitendawili tangu tulipooana. Mambo magumu tunayaingia kwa mlango huo.

"Papa ya Mujinga. Nina mtu wangu. Nikimlegezea anatoroka, nikimbana sana anavunjika."

Alifikiri. "Mutoto."

"Uko karibu."

"Bibi."

"Bibi hakutoroka, na umemubana miaka makumi ine. Nipe muji."

"Kamata Musumba kwa Balunda, na mashamba yao yote."

"Ekru ya gurudumu."

Alicheka kidogo, halafu akaacha kucheka. Nikampa ile bulon iliyovunjika, nikaweka kidole chake kwenye shingo, lakini kidole hakikuweza kujua. Akaileta karibu na macho. Nikamwambia yote pale sikioni, polepole: hukulegeza, ulizidisha. Nguvu yako njo ilivunja.

Alikaa chini, kwenye udongo. Mi nilikuwa nimefikiri atafurahi, kwani mikono yake haikufa. Lakini aliifumba ile bulon kiganjani.

"Basi ni miye," akasema. "Kila asubuhi. Ni miye nilikuwa namuvunjia."

Ningemdanganya vipi? Mujinga alichuchumaa karibu naye, akamfuta udongo kwenye mkono.

"Papa, sikujua na mi. Hakuna mutu alijua."

Baadaye akampa Mujinga ile kle. "Kaza. Mi nitaangalia." Akapiga magoti, uso juu ya namba, sawasawa kama Darlène alivyosema. Mujinga akavuta ekru ya juu, kisha ya ng'ambo yake, akivuka vuka, wala si kwa kuzunguka. Kwa kila moja mzee alisema: "Acha." Ya tano alisema kabla sindano haijafika, na Mujinga akamwambia bado kidogo, Papa, na mzee akavumilia. Walipomaliza na gurudumu la pili, nikamrudishia Mujinga ufunguo.

Asubuhi aliamka saa ile ile ya zamani. Alizunguka remorke mara mbili, mikono mifukoni. Kisha akafungua geti, akasimama hapo mpaka pikapu ikapotea.

Mujinga alikuwa ameagizwa na Darlène asimame akifika kilometa hamsini apime tena, maana bulon mpya zinakaa taratibu. Saa moja na nusu simu ikalia.

"Anasema nini?" mzee akauliza.

"Sindano iko pa mustari. Zote kumi, hakuna hata moja ilizunguka."

"Anaangalia kutoka juu?"

Nikauliza. "Anasema alipiga magoti kama wewe, uso juu ya namba."

"Muambie anipimie na kwa kurudi."

Nikamwambia. Nilipoweka simu, mzee alikuwa amesinzia kwenye kimoja cha viti vya plastiki vilivyobaki, kichwa kimelala upande, anakoroma, viatu miguuni. Nilitaka kumvua viatu, nikaona nitamwamsha. Nikavuta kiti kingine, nikakaa.