Gari la Zabibu

Mzee Loisi aliipokea glasi kwa mikono miwili, kama anayepokea kifaranga, akaiinua kwenye mwanga wa mlangoni. Upepo wa Agosti ulikuwa ukipeperusha vumbi la viwanja vya maonyesho vya Nzuguni, na wageni waliingia katika banda la kampuni yetu ya mvinyo macho yakiwa nusu yamefumbwa.

"Hii ndiyo zabibu yangu?"

"Ndiyo yenyewe, baba."

Akaonja, akauacha mvinyo mdomoni kwa muda. Miaka yote aliyolima zabibu kule Hombolo na kutuuzia, hakuwahi kuonja tulichokitengeneza. Aliujua wa kanisani tu, alisema, tone la kulowesha ulimi. Akacheka. Mkewe, mama Sidonia, alikataa glasi kwa kutikisa kichwa, lakini naye alikuwa akitabasamu.

Asubuhi ile, kabla ya wageni kuingia, meneja wetu wa masoko, Gerson, alitukusanya nyuma ya banda. Hakuwa mtu mbaya. Yeye ndiye aliyenifundisha kazi: usikae mgeni akiwa amesimama, usile bandani, usimseme jirani hata kama mvinyo wake ni siki. "Ukivaa fulana ya kampuni," alipenda kusema, "mdomo si wako tena." Siku ile sauti yake ilikuwa chini. Matangi yamejaa, alisema, mvinyo wa mwaka jana haujatoka. Msimu huu kampuni haitanunua zabibu. Wakulima watatangaziwa maonyesho yakiisha.

"Hapa si mahali pa matanga, Restuta," akaongeza, akinitazama mimi, kwa kuwa ndimi niliyepita mashambani kupima utamu wa zabibu zao, nikiijua kila familia.

Mzee Loisi akaiweka glasi mezani.

"Zimeiva, mwanangu. Nyuki wameshaanza kuzitoboa. Gari la kuzibeba litakuja lini?"

Jibu la kazi nilikuwa nalo: utaratibu utatangazwa, baba, karibu tena. Wala halikuwa uongo hasa. Lakini zabibu si mtama, huwezi kuiweka ghalani ukasubiri tangazo. Nikawaza, akijua leo, pengine atawahi kupata mchuuzi mmoja au wawili pale soko la Majengo kabla hazijaoza.

"Halitakuja, baba," nikasema. "Msimu huu hawanunui."

Nilisema kwa sauti ya chini, lakini mgeni mwenye suti aliyekuwa akimiminiwa na Gerson aligeuka.

Mzee hakupiga kelele. Afadhali angepiga. Alimwambia mkewe maneno machache kwa Kigogo, na mama Sidonia akaketi chini, hapo hapo kwenye zulia letu la majani ya plastiki, miguu ameinyoosha mbele kama wakaavyo wanawake msibani. Wageni wakampisha.

"Mwanangu," mzee akasema, "ungeniacha kwanza nifike nyumbani. Leo nilikuwa na furaha."

Gerson ndiye aliyemwinua mama yule, kwa upole, akawapa maji na kuwasindikiza mpaka getini. Aliporudi hakunifokea.

"Vua fulana, uende."

"Nilitaka wapate muda wa kutafuta mnunuzi."

"Mnunuzi gani, Restuta? Hombolo nzima itakuwa inamtafuta huyo huyo."

Alisema kweli, na hilo ndilo linaloniuma hadi leo. Habari ilifika vijijini kabla ya maonyesho kufungwa. Beseni za zabibu zikajipanga kando ya barabara, kila mkulima akiita magari yale yale, hadi zabibu zikachacha juani na nyuki wakazimiliki. Hakuna aliyewahi chochote.

Septemba nilikwenda Hombolo kuwaona. Kutoka mbali niliona moshi. Mzee Loisi alikuwa anang'oa mizabibu na kuichoma, shina baada ya shina, mizabibu aliyoipanda akiwa kijana. Nilimwamkia. Akaitikia bila kuinua kichwa.

"Nani huyo?" akamuuliza mkewe.

"Ni yule binti wa kampuni."

"Mimi si wa kampuni tena, baba," nikasema. "Walinifukuza."

Akasimama, mkono kiunoni, akanitazama kwa mara ya kwanza. Nadhani alitafuta hasira, akaikosa.

"Basi safari hii hujaleta habari yoyote," akasema, akainama tena kwenye shina.

Mama Sidonia alinisogezea kigoda. Nikakaa. Moshi ulikuwa unatujia sisi, na hakuna aliyehama.