Ukurasa wa Katikati

Verlyn Joefield alikuwa ameufuta mstari wa pili wa fomu mara nyingi hata karatasi ikaanza kutoboka. Mbele yake watoto thelathini na wanane wa darasa la nne walikuwa wakiimba wimbo wa asubuhi, naye akiwaongoza kwa mkono wa kulia, wa kushoto umeibana fomu juu ya piano. Fomu ilikuwa na mistari minne. Wa kwanza, wimbo wa kale wa Kiitalia, ulikuwa umejazwa. Wa tatu, wa opera, umejazwa. Wa nne, wimbo wa karne hii kwa Kiingereza, nao umejazwa. Wa pili ndio uliomnyima usingizi. Hapo palitakiwa wimbo wa Kijerumani, na ofisi ya mitihani ilikuwa inafunga saa tisa alasiri hiyo hiyo.

Mtihani wa uimbaji wa daraja la nane ulikuja San Fernando, mji wa kisiwani, mara moja kwa mwaka, pamoja na mtahini aliyeletwa kwa ndege kutoka ng'ambo. Verlyn alikuwa amefundisha muziki katika shule ile kwa miaka sita, kwa mkataba wa muhula mmoja mmoja. Sasa wizara ilikuwa imeleta waraka. Kuanzia Januari 1994, mwalimu wa muziki asiye na cheti cha daraja la nane atashukuriwa kwa utumishi wake. Maana ya kushukuriwa kila mtu aliijua.

Tatizo halikuwa kukosa ushauri. Ushauri ulikuwa tele mpaka kichwa kinamuuma. Miss Quamina, mwalimu wake wa sauti, alisema ni wimbo wa mto, ule wa mvushaji na mashua yake, na hakuna mjadala; wanafunzi wake wote waliofika daraja la nane waliimba wimbo wa mto. Mwalimu mkuu alisema Kijerumani cha nini, aimbe wimbo wa kanisani watu waelewe. Mama yake alisema aimbe chochote mradi asivae lile gauni la kijivu. Na Deo Sookhai, mpiga piano atakayempigia siku ya mtihani, alimngoja mlangoni wakati wa mapumziko akiwa na kitabu kwapani.

"Weka wimbo wa kengele, dada'ngu. Kurasa mbili tu. Unaingia, unaimba, unatoka, mtahini hajamaliza hata chai yake."

"Unanibana sauti, Deo. Wa mto ndio unaonikaa."

"Hata mimi suruali hii inanibana, mbona nimekuja nayo kazini?" Akampigapiga begani. "Sikiliza. Wanafunzi kumi na wanne wa Miss Quamina wamekwenda na huo mto wao. Wamepita wangapi?"

"Watatu."

"Watatu! Tena wale watatu walikuwa na mapafu ya ng'ombe. Huyo mama nampenda, lakini ana nuksi."

Verlyn hakupenda neno hilo. Isitoshe kulikuwa na jambo jingine. Mwaka huu bodi ilikuwa imetoa amri kwamba kila mtahiniwa aje na kitabu halisi, fotokopi hazitapokelewa. Kisiwa kizima kiliimba kwa fotokopi. Duka la kuuza vitabu vile halikuwapo, na ukiagiza ng'ambo kinafika wakati mtahini ameshapanda ndege kurudi kwao. Kengele, Deo alikuwa nacho kitabu chenyewe. Mto ulikuwapo kwenye fotokopi ya fotokopi ya karatasi alizonakili kwa mkono Sista mmoja wa Kiholanzi aliyemfundisha Miss Quamina zamani hizo, kabla mashine ya kunakili haijafika kisiwani.

"Maktaba ya mjini wana kitabu cha mto," Verlyn alisema. "Naenda kukiona saa sita, mchana sina kipindi. Pengine wataniazima siku moja tu ya mtihani."

"Maktaba waazime?" Deo akacheka. "Haya, nenda. Ukitoka huko utanikuta na kengele yangu."

Mkutubi alikuwa mama mpole, lakini kitabu kilikuwa na kibandiko chekundu, na chenye kibandiko chekundu hakitoki nje. Angeweza kukisoma pale mezani, dirishani. Verlyn akakaa, akatandaza fotokopi zake upande mmoja na kitabu upande wa pili, nia yake kuhakikisha tu kwamba noti ni zile zile kabla ya kujaza mstari.

Ukurasa wa kwanza noti zilikuwa zile zile. Wa pili pia. Mwanzoni mwa wa tatu, pale mvushaji anapoomba taa, fotokopi yake ilirudi moja kwa moja kwenye lahani ya kwanza, kama alivyoiimba kwa miaka mitatu. Kitabu hakikurudi. Kitabu kiliendelea.

Kwanza alidhani kitabu kimekosewa. Akahesabu kurasa, akaangalia namba chini, akakiinua kwenye mwanga kutafuta kama karatasi ya wimbo mwingine imegandishwa mle. Haikuwa imegandishwa. Kulikuwa na kurasa mbili nzima ambazo hajawahi kuziona, noti zinapanda, zinakuwa nyeusi kwa wingi, maji yanajaa, mashua inapinduka, na ndipo lahani ya kwanza inaporudi. Siku zote alikuwa amejiuliza inakuwaje mvushaji anayeimba kwa furaha katika ubeti wa kwanza analiliwa katika ubeti wa mwisho. Alipomuuliza Miss Quamina, alijibiwa kwamba Wajerumani ndivyo walivyo, hawapendi kueleza mambo.

Sista alikuwa amefunua kurasa mbili kwa pamoja. Basi. Na San Fernando nzima, kwa miaka karibu arobaini, imeimba wimbo usio na katikati.

Verlyn alikaa pale haelewi acheke au afanye nini. Wale kumi na mmoja walioanguka walianguka kwa sababu hii? Na wale watatu walipitaje? Na kama kila mtahini aliisikia kasoro, mbona hakuna aliyesema? Akaomba penseli kwa mkutubi, akageuza daftari la shule, akachora mistari mitano mitano kwa rula, akaanza kunakili katikati ile kwa mkono, akifunua karatasi moja moja na kuipapasa kila mara kuhakikisha hazijashikana. Alipomaliza ilikuwa saa nane na robo. Njiani akanunua doubles moja, vile vimkate viwili vya kukaanga vyenye dengu na pilipili katikati, akaila nusu, pilipili ikamtoa machozi, akaitupa iliyobaki.

Ofisi ya mitihani ilikuwa ghorofani, juu ya duka la vitambaa. Karani wake, Bwana Lutchman, alikuwa amevaa tai na amekwisha funga madirisha mawili kati ya matatu.

"Miss Joefield. Nilijua utakuwa wa mwisho. Lete."

"Nina swali kwanza, Bwana Lutchman. Huu wimbo wa mto. Mtu akiuimba bila ile sehemu ya katikati, bodi inakubali?"

Bwana Lutchman akaangua kicheko. "Nyie watu wa Miss Quamina! Mwaka huu mmoja wenu ameamka!"

"Unajua?"

"Nisijue vipi? Kila mwaka mtahini ananiuliza, hawa wana nini, mbona wanaimba nusu wimbo? Mmoja alidhani ni mila yenu." Akainuka, akafungua kabati la chuma, akatoa rundo la ripoti zilizofungwa kwa uzi, akalitua kauntani. "Ona mwenyewe. Mtahiniwa ameacha sehemu ya kati. Ameacha sehemu ya kati. Huyu naye, ameacha. Wanakatwa alama sita hapo hapo. Labda mtu awe na sauti ya ajabu."

Verlyn akaweka kidole juu ya rundo. "Na hizi ripoti mbona hatukupewa? Sisi tunaona alama tu, zimebandikwa ukutani."

"Ripoti hupewa mwalimu aliyesajiliwa."

"Miss Quamina amefundisha miaka thelathini."

"Amefundisha, hajasajiliwa. Kusajiliwa kunataka cheti cha daraja la nane. Hana."

"Sasa si ungemwambia tu? Mnaonana kanisani kila Jumapili!"

"Dada, usinipandishie sauti. Hakuna aliyeuliza. Mimi nina utaratibu, sina umbea." Akatazama saa. "Umebaki na dakika kumi na mbili. Unajaza au hujazi?"

Alikuwa na haki ya kuchanganyikiwa, na alichanganyikiwa kwelikweli. Kuuandika mto, na kitabu hakitoki maktaba? Kuandika kengele, na wimbo unamkaba koo? Akafikiria Januari. Akafikiria waraka wa wizara. Akaandika kengele kwa kalamu ya wino, ili asifute tena. Bwana Lutchman akaisoma fomu, akagonga muhuri, akaanza kutafuta daftari la kupokelea.

Ndipo Verlyn, mikono ikiwa haina kazi, akafunua karatasi ya chini kabisa ya lile rundo, iliyogeuka rangi ya chai. Mwaka 1957. Mtahiniwa: Ophelia Quamina. Alama sitini na tatu. Za kufaulu sitini na tano. Chini, kwa mwandiko wa kalamu ya kuchovya: *Sauti adimu, sijasikia mfano wake katika safari yangu yote. Inasikitisha kwamba mtahiniwa ameacha sehemu ya kati ya wimbo wa pili, na sina budi kukata.* Pamewekwa sahihi.

Akaisoma mara mbili. Miss Quamina alikuwa amewaambia wanafunzi wake wote kwamba yeye aliacha jukwaa kwa sababu sauti yake ilikuwa ya kawaida tu, na mtu lazima ajijue.

"Bwana Lutchman, hii nampelekea mwenyewe."

"Hiyo haitoki."

"Ni yake. Ina jina lake."

"Aje mwenyewe, na kitambulisho, ajaze fomu ya maombi, tutaipeleka makao makuu."

"Hawezi kupanda ngazi zako. Macho yamefunga ukungu. Ngoja basi niinakili."

"Kunakili ni kosa. Siri za ofisi. Rudisha hapo."

Verlyn hakuirudisha. Mwenyewe alishangaa kuiona mikono yake inaikunja ile karatasi mara moja, mara mbili, inaitia ndani ya daftari. Bwana Lutchman akaacha daftari lake. Akaiinua fomu, muhuri haujakauka.

"Miss Joefield. Weka hiyo karatasi chini, la sivyo hii naichana. Sikutishi."

"Hiyo ni kazi yangu, Bwana Lutchman. Miaka sita."

"Basi weka chini. Rahisi tu."

Alitamani kuiweka. Asidanganywe mtu hapa. Alitamani sana. Alimtazama Bwana Lutchman, tai yake, kabati lake lililo wazi na yale majina yote mle ndani, watu waliokwenda zao wakiamini hawana sauti. Akajikuta anatembea kuelekea mlangoni. Nyuma yake akasikia karatasi ikichanika, polepole, kwa urefu, halafu tena kwa upana. Hakugeuka.

Miss Quamina alikuwa barazani anamenya mbaazi kwa vidole, bila kutazama bakuli. Alimjua Verlyn kwa hatua zake.

"Umechelewa. Ulikwenda ofisini?"

"Nilikwenda, Miss. Nimekuletea kitu. Ni ripoti yako."

"Ripoti gani?"

"Ya mwaka hamsini na saba."

Vidole vikasimama. "Soma."

Verlyn akasoma, kuanzia jina hadi sahihi. Jirani alikuwa anamfokea mbwa wake. Baadaye Miss Quamina akajipangusa mikono kwenye aproni, kidole kimoja kimoja.

"Soma tena hapo pa sauti."

"Sauti adimu, sijasikia mfano wake katika safari yangu yote."

"Tena."

Akasoma tena. Kisha akamweleza habari ya kitabu na kurasa zilizoshikana, akamwekea mapajani daftari lenye sehemu aliyonakili, na Miss Quamina akalipapasa kana kwamba noti zingeshikika.

"Na mimi nikawapa wote," alisema. "Watoto wa watu. Kumi na mmoja. Nikawaambia hawakufanya mazoezi." Akaanza kulia bila kujificha, na Verlyn akamshika mkono kwa kuwa hakujua la kufanya. Kisha mwalimu akapenga kamasi, akakaa wima.

"Wewe, Verlyn. Fomu yako imepokelewa?"

Verlyn aliyatazama yale macho meupe.

"Imepokelewa, Miss."

"Umeandika wimbo upi?"

"Wa mto."

"Wote?"

"Wote."

"Basi njoo kesho Jumamosi, saa nne. Tuna wiki mbili tu, na hiyo katikati hata mimi siijui. Mwambie Deo naye aje, na asiniletee mizaha."

Kesho yake saa nne Verlyn alikuwa pale. Deo, ambaye alikwisha ambiwa kila kitu njiani, hata habari ya fomu kuchanwa, alikaa kwenye piano, hakutania hata mara moja. Verlyn akasimama mahali pake, daftari mkononi, na Miss Quamina akamwambia alegeze mabega, maana mtahini ataanza kuyatazama mabega kabla hajasikia sauti.