Uzao wa Seli Moja

"Hapa ndani ni tumbo lako, mama," Dokta Hubert alisema, akaweka mezani kipande cha nta kidogo kama jino.

Mama yangu, Mariyamu, alikitazama bila kukigusa. Ilikuwa Bujumbura, wakati wa vita. Mwaka mzima tumbo lilikuwa likimkata, hata ndagala, dagaa wa ziwani aliowaanika mwenyewe, hakuweza kuwala. Walimpitisha mpira kooni, wakanyofoa chembe ya nyama na kuigandisha ndani ya nta, lakini darubini haikuweza kuamua. Kwa hiyo ile nta ilipelekwa Ubelgiji, wakapime jeni.

"Kama seli zote ni uzao wa seli moja, iko saratani," dokta alisema. "Kama zina asili nyingi, ni kidonda tu."

Jibu lilirudi: uzao mmoja. Ila saratani ya namna hiyo, dokta alieleza, hulishwa na vijidudu vya tumboni. Vikifa, nayo huweza kunywea. Mama alimeza vidonge. Maumivu yakaisha, mawese yakarudi chunguni. Lakini kidonda kilipofunga, kipimo bado kiliuona ule uzao. Ikabidi arudi, na arudi tena.

Kila safari baba aliacha cherehani yake akamsindikiza.

"Nitakwenda mwenyewe, Baba Kaoutar," mama alimwambia, akimwita kwa jina langu. "Njia imechafuka."

"Kwani nilikuoa nusu?"

Siku hiyo walikuwa wanarudi nyumbani Rumonge, kipande kipya kimeshatolewa. Walipofika Gitaza, risasi zilishuka kutoka mlimani. Baba alimlalia mama. "Usinyanyuke," alimwambia, na hakusema tena. Askari walipofika, ilibidi wawili wamwinue ndipo mama apate kutoka.

Jibu lilitukuta mama akiwa edani. Nilimsomea mimi: ule uzao hauonekani tena, apimwe upya baada ya miezi sita.

"Murakoze," alishukuru, kana kwamba mimi ndiye dokta, akageukia ukuta.

Miezi ilipotimia, nilimkuta asubuhi amevaa viatu.

"Mama, si walisema umepona?"

"Walisema hauonekani. Hawakusema hauko."

Nikapanda basi naye. Tulipokaribia Gitaza abiria wote waliinama. Mama alikaa wima, macho mlimani, na mkono wake ukakandamiza kichwa changu chini, chini kabisa, mpaka tukapita.